Gari Lilikuwa Zima

Nianze na dada yangu, maana yeye ndiye mwenye gari. Nalisema hili mapema kwa sababu kwa miaka mingi watu waliingia karakanani kwangu, wakalizunguka lile gari mara mbili, wakaniambia, "Fundi, una gari zuri," nami nikajibu, "Asante." Sikusema hata siku moja kwamba ni la dada. Hakuna aliyenikataza, sikutaka tu.

Dada ni wa kwanza kuzaliwa kwetu na mimi ni kitinda mimba. Mama alipofariki nilikuwa na miaka minne, yeye kumi na sita, na tangu hapo yeye ndiye aliyenipaka mafuta asubuhi, akanifunga vifungo vya shati, akanichapa ilipobidi na mara nyingine hata isipobidi. Baadaye akasomea uuguzi. Alifanya kazi wodi ya watoto miaka thelathini na mitatu, na huko walimwita Kipimajoto, kwa sababu kabla kipimajoto chenyewe hakijatoka kwenye kopo, yeye alikuwa ameshaweka kiganja kwenye paji la mtoto na kutaja namba. Madaktari wapya walimbishia wiki ya kwanza, kisha wakaacha.

Aliolewa akiwa na miaka thelathini na minne, wakati shangazi zetu wameshakata tamaa na wameanza kumsifia kwa mapishi. Shemeji alikuwa mpima ardhi, mrefu, mwembamba, mtu wa soksi ndefu na maneno ya pole pole. Wazimu wake ulikuwa mmoja: lile gari. Alilinunua kwa mhandisi aliyekuwa anahama. Gari dogo la mbio, la viti viwili, la wazi juu, kijani iliyokolea, magurudumu ya spoku kama ya baiskeli, na chini chini kiasi kwamba ukisimama kando yake unamwona dereva utosi. Lilitengenezwa kabla mimi sijazaliwa.

Siku ya kwanza nilipoliona nilicheka mpaka nikashika mbavu.

"Shemeji, hili ni gari au kiatu?"

"Panda kwanza," akasema, "halafu ucheke."

Akanipandisha nalo barabara ya mlimani, kona baada ya kona, na injini ile ikiimba. Nilipoteremka kicheko kilikuwa kimeisha. Nadhani ugonjwa wangu ulianzia hapo.

Kila Jumapili alasiri yeye na dada walipanda ule mlima, dada amejifunga kitambaa kichwani, ameshikilia mlango. Hawakujaliwa mtoto, basi viti viwili viliwatosha. Shemeji ndiye aliyeendesha siku zote. Dada alimwomba amfundishe, na shemeji, ambaye hakumnyima kitu kingine chochote, alisema wiki ijayo. Akasema ukimaliza zamu. Akasema ngoja mvua zipite. Miaka kumi na minane ilipita hivyo. Kisha akaugua tumbo, wiki tatu tu, na kwenye wiki ya tatu tukamzika.

Arobaini hazijaisha, dada akanijia na ufunguo. Mimi ni mkereza vyuma. Nina karakana yenye mashine mbili za kukerezea na banda la bati pembeni. Akasema, "Nitunzie. Kwangu hakuna banda, mvua italila. Nikishajua kuendesha nitakuja kulichukua."

Nilimsikia vizuri. Sitaki mtu anitetee kwamba labda sikusikia.

Alijiandikisha chuo cha udereva akiwa na miaka hamsini na mitatu. Wanafunzi wenzake walikuwa rika la watoto aliowachoma sindano, na wawili kweli aliwachoma. Mwalimu wake alimwogopa. Hata hivyo alifaulu mtihani mara ya kwanza, akaja karakanani ameshika leseni kwa ncha za vidole kana kwamba wino haujakauka.

"Haya," akasema, "twende."

Siku hiyo nilimwambia kweli. Gari lilikuwa haliwaki. Ndani ya kile kikombe kinachogawa moto kwenye plagi kuna kidude cheusi cha plastiki ngumu, kikubwa kidogo kuliko kizibo cha chupa, kinazunguka muda wote. Sisi tunakiita rota. Rota ya gari lile ilikuwa imepasuka, na ya kuuzwa dukani haikuwepo. Dada akaniomba nimwandikie jina la kidude hicho kwenye karatasi. Nikaandika jina, nikaandika na namba, akaikunja akaitia kwenye pochi.

Nilitafuta miezi minane. Niliandika barua, nilipiga simu, nilisumbua kila fundi mwenye mvi. Mwishowe mzee mmoja aliyefunga gereji yake akanipa aliyokuwa nayo kwenye kopo la misumari. Nikaifunga, nikageuza ufunguo, gari likawaka mara moja. Nilisimama pale nikicheka peke yangu kama mwehu. Simu ilikuwa mezani, hatua tatu kutoka niliposimama, na namba ya dada naijua kwa kichwa.

Sikupiga. Nilisema ngoja kwanza nikaze breki. Breki zikawa sawa, nikasema viti vimechakaa, nikavifumua na kuvishona upya kwa mkono, mshono juu ya mshono wa zamani, tundu kwa tundu. Baada ya viti nikaanza spoku. Gurudumu moja lina spoku sitini, na kila moja niliing'arisha kwa kitambaa chembamba na majivu laini, jioni baada ya jioni, mpaka mke wangu akaniuliza kama hayo magurudumu yanaumwa. Mke wangu ni mwalimu wa hesabu na ana ulimi. Yeye ndiye aliyelibandika gari lile jina la Kobe. "Gari la mbio," alisema, "na mbio zake zote ni za kukaa nyumbani."

Dada alikuja kwetu kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Aliingia, akamsalimu wifi yake, akanywa chai, kisha akaniuliza, "Kimepatikana?"

"Bado," nikajibu.

Neno lenyewe fupi. Nililisema kwa miaka kumi na minne.

Mtu atauliza kwa nini, na sababu nilikuwa nazo tele. Gia za gari lile ni za kizamani. Ukikosea kidogo zinasagana, na kila zinaposagana kuna chuma kinachokatika ambacho hakuna kiwanda duniani kinachokitengeneza tena. Nilimwona dada kichwani mwangu akizisaga. Nilimwona anaparuza ubavu kwenye nguzo ya geti. Nililala na kuamka na mkwaruzo ambao haujatokea. Lakini hizo ni sababu za kumpa mtu wa nje. Ukweli ni kwamba lilikuwa limeshakuwa langu. Nililijua kuliko yeye, nililipenda kuliko yeye, hivyo nilijiambia, na aliyelipenda kuliko wote hawezi kumpa mtu mwingine akaliharibu. Ndivyo mwizi anavyojipanga maneno.

Na nilikuwa na akili ya kuchagua uongo. Ningetaja chuma chochote, hata mtoto wa chekechea angeniuliza, si ukichonge? Mimi hapa nimechonga ekseli za matrekta na meno ya mashine za kusaga. Lakini rota ni plastiki, na plastiki ya namna ile haikerezwi. Uongo wangu ulikaa mahali pekee ambapo ufundi wangu haufiki. Dada, anayeniamini kwa chuma chote kilichopo, alikubali.

Kila Jumamosi asubuhi nililiwasha, dakika ishirini, mafuta yazunguke. Jumapili ya dada nikaichomoa rota na kuitia kwenye mfuko wa shati, asije akataka tujaribu, na kweli mara mbili alisema, "Hebu jaribu tuone, huwezi kujua." Mara zote mbili nikakaa kwenye usukani, nikageuza ufunguo, injini ikagumia tu, khu khu khu, bila kushika. Na mara zote mbili dada akaniwekea mkono begani.

"Pole, mdogo wangu. Usivunjike moyo."

Mkono wake ulikuwa begani, na shubiri yake moja chini, mfukoni, ndiyo ilipokuwa rota. Nikasema, "Nimeshapoa, dada." Siku ile ya pili mke wangu alikuwa mlangoni ameshika trei. Dada alipoondoka akaniambia, "Mimi siwezi kukusemea, kwa sababu hiyo siri si yangu. Lakini usinitazame mimi kama vile tuko pamoja." Hakulitania gari tena tangu siku hiyo.

Halafu yakaja macho.

Dada alikuwa amestaafu, anakaa peke yake kwenye nyumba ya vyumba viwili karibu na kituo cha maji. Alianza kwa kusema taa za kwetu hafifu. Kisha nikamwona anamimina chai pembeni ya kikombe, anacheka, anasema uzee. Akawa anashika fremu ya mlango kabla ya kupita. Walimwambia ni presha ya macho, wakampa dawa ya matone na kliniki kila baada ya miezi mitatu, siku ya Alhamisi. "Ya kutuliza tu," alisema. "Kilichokwenda kimekwenda, kilichobaki kinalindwa."

Sasa nitasema jambo ambalo sijamwambia hata mke wangu. Siku ile ya chai kumwagika, nilipoelewa kwamba dada haoni vizuri, kitu cha kwanza kilichonipata hakikuwa huruma. Nilishusha pumzi. Nikawaza, basi, hataendesha tena, suala limejimaliza lenyewe. Nilifurahi. Ilikuwa kidogo na haikudumu, lakini ilikuwa furaha, na ilitokea kwangu, mezani kwangu, huku aliyenilea anapapasa kitambaa cha kufutia chai.

Jumamosi moja mwaka jana, saa nne asubuhi, nililiwasha kama kawaida. Nikalizima, nikaanza kulipangusa. Nikasikia pikipiki imesimama nje, na sauti ya dada inamwambia dereva asiondoke mpaka amwonyeshe kizingiti. Hakuwa na kawaida ya kuja Jumamosi. Rota ilikuwa ndani ya gari, mahali pake.

Aliingia anatabasamu, uso mzima umechangamka, mkononi ameshika kijikasha cha dawa ya matone.

"Wifi yuko wapi? Muite! Muite na yeye aone!"

Mke wangu akatoka jikoni anafuta mikono. Dada akafungua kile kikasha, akatoa pamba, akaifunua taratibu kama anavyofunua kidonda. Katikati ya pamba ilikuwa rota. Nyeusi, mpya kabisa, namba yake inasomeka vizuri.

"Kimepatikana," akasema.

Mke wangu akamsogezea kigoda akakaa, na akasimulia mwenyewe bila kuulizwa. Ile karatasi niliyomwandikia hakuitupa. Aliibeba miaka yote, akamwonyesha kila mzazi wodini aliyekuwa dereva, kila mama ambaye mwanawe yuko mbali. Mwaka juzi mtu mmoja akamwambia kuna mzee anauza vipuri chakavu, safari ya basi saa nne kwenda na nne kurudi, ana ghala la vitu vya zamani lakini hulifungua mara moja tu kila miezi mitatu, siku ya Alhamisi. Dada akaenda. Mzee akasema ghala ni kubwa, hajapanga, njoo tena. Akaenda tena.

"Mara tatu!" akasema. "Ya tatu nikamwambia, leo siondoki, nipe kiti. Nikakaa mlangoni mpaka akakipata. Nimekula vumbi mimi! Lakini safari haikuwa ya bure."

Mke wangu ndiye aliyeuliza. "Wifi, Alhamisi si ndiyo kliniki yako?"

"Ndiyo. Zikagongana zote tatu. Ningefanyaje?" Akacheka. "Manesi tukiugua hatuna adabu, unajua. Dawa ikaisha, nikasema nitaenda zamu ijayo. Nimekwenda wiki hii. Wamenikaripia mpaka basi. Jicho la kushoto wameniambia nisilihesabu tena. La kulia linaona mlango, ila kitasa halikioni."

Nilihesabu hapo hapo: mara tatu, miezi tisa bila kliniki, sita bila dawa. Kwa ajili ya kidude ambacho nilikuwa nacho ndani ya boneti, kinafanya kazi, kimefanya kazi asubuhi ile ile.

Dada akainuka. "Haya, kifunge. Leseni wamenikatalia kuifanya upya, sikuwaambia, niliona aibu. Herufi za ukutani sikuziona. Lakini nasema hivi, ule uwanja nyuma ya kiwanda cha matofali hauna mtu Jumamosi. Jicho moja bado linaniletea mwanga. Unakaa pembeni yangu, naendesha hatua mia, nateremka, imekwisha. Nilimwambia marehemu nitaliendesha." Akanyoosha mkono kulitafuta gari, maana sasa alitembea kwa mikono, na kiganja chake kikatua juu ya boneti.

Akakiacha pale.

Nilimwona anakisogeza, kushoto, kulia, kisha katikati, polepole, kwa namna niliyomwona akifanya utotoni mwangu nilipokuwa nalalamika tumbo ili nisiende shule. Uso wake ulibadilika kidogo kidogo.

"Hili gari lina homa, mdogo wangu," akasema.

Banda lilikuwa na kivuli tangu asubuhi. Nilikuwa na majibu matatu tayari: jua, bati, nililipangusa kwa maji ya moto. Nayakumbuka yote. Nikamtazama mke wangu na mke wangu akatazama chini.

"Limewaka leo?" dada akauliza.

"Limewaka."

"Jumamosi iliyopita?"

"Limewaka, dada."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka ule wa pili. Ile rota niliipata baada ya miezi minane. Sikukuambia."

Pikipiki ikapita nje. Bado mkono wake ulikuwa kwenye boneti.

"Zile siku ulizojaribu mbele yangu likakataa," akasema. "Nikakupa pole."

"Lilikuwa zima. Niliichomoa kabla hujaja. Ilikuwa mfukoni."

Nilitegemea atanipiga. Mungu ananiona, nilitamani anipige, kama alivyonipiga nikiwa mdogo, yaishe. Alifunga ile rota yake kwenye pamba, akairudisha kikashani, akapapasa benchi langu mpaka akapata nafasi kati ya patasi na mafuta, akaiweka.

"Iweke ya akiba," akasema. "Wewe unajua sana kutunza."

Nikaanza kulia, mtu mzima wa miaka hamsini na sita. Nikamshika mkono, nikamwambia panda, nikupeleke popote, mlimani, kwa huyo mzee wa ghala, popote unapotaka, sasa hivi.

Akautoa mkono wake bila nguvu. "Nimepelekwa miaka kumi na minane. Sikuomba kupelekwa. Niliomba kuendesha. Yeye alisema wiki ijayo, wewe ukasema bado. Yeye angalau alikuwa hajui atakufa."

"Uwanja upo, dada. Hatua mia, twende sasa hivi."

"Sina hamu nao tena." Akageuka. "Wifi, nisindikize."

Waliondoka wameshikana mikono. Nilibaki mimi na Kobe. Lilikuwa linameremeta kila mahali, hakuna hata alama ya kidole, isipokuwa pale juu ya boneti ambapo jasho la kiganja chake lilikuwa linakauka. Nililichukia gari lile kwa mara ya kwanza, kisha nikaona hata hiyo ni janja yangu nyingine. Gari halikusema uongo.

Sikulala vizuri wiki ile, na mchana nilikereza bomba moja mara tatu nikaliharibu mara tatu. Mke wangu hakunisema wala hakunibembeleza. Alinipakulia chakula, akanitazama nikishindwa kukila, akaondoa sahani. Jumatano mchana nikapiga simu. Dada aliiacha ikalia mpaka nikadhani hatapokea.

"Kama unakuja kunipaka mafuta, kata," akasema.

"Siji kukupaka mafuta. Nimekosa."

"Umekosa. Nami nina hasira, na nitakuwa nayo muda mrefu, usiniharakishe. Nimekulea vibaya, hilo nalo nalifikiria." Kisha akasema, "Kesho wananipima tena. Saa mbili. Wifi ana shule na kwenye mabasi wananikanyaga miguu. Uje na gari."

"Nitakuja na la mteja, lina milango minne, utakaa vizuri."

"Nimesema gari. Langu."

Alhamisi asubuhi kulikuwa na manyunyu. Nililitoa Kobe barabarani kwa mara ya kwanza tangu liingie bandani. Barabara ya kwenda kwa dada ni ya udongo mwekundu, imejaa madimbwi, na kila dimbwi lilirusha matope juu ya zile spoku. Nilisikia kokoto zinagonga ubavu, ta, ta, ta. Niliziacha zigonge. Wanafunzi walisimama kushangaa na mwanamke mmoja mwenye ndoo akauliza kwa sauti kama nimeliiba. Nikamwambia, "Ndiyo, mama, nalirudisha." Akacheka, alidhani namtania.

Dada alikuwa amesimama getini, amevaa sweta la bluu la kazini, amejifunga kitambaa kichwani. Nikateremka kumfungulia mlango wa abiria. Hakuja upande huo. Alilishika gari kwenye taa ya mbele, akalizunguka kwa mkono, matope yote yakamjaa kiganjani, mpaka akafika mlango wa dereva. Akaufungua, akakaa. Akashika usukani. Viatu vyake vikatafuta pedali chini.

"Kaa huku," akasema, akionyesha kiti cha abiria. "Ufunguo usigeuze. Nataka gia tu. Ya kwanza iko wapi?"

"Kanyaga klachi mpaka mwisho. Kushoto, juu."

Akaingiza. Ikaingia kimya.

"Ya pili?"

"Shusha moja kwa moja."

Akashusha. Nikamwelekeza ya tatu, nikamwelekeza ya nne. Akarudia zote bila kuniuliza, kwanza, pili, tatu, nne, akirudisha mguu wa klachi kwa upole kila mara, na hakuna hata moja iliyosaga. Miaka kumi na minne niliogopa mkono ule. Ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Aliendelea hivyo, uso umeelekea mbele, manyunyu yanamwangukia mashavuni, kwenye kona alizozijua mwenyewe anashuka hadi ya pili, akitoka anapanda hadi ya tatu. Nikaelewa kwamba yuko mlimani. Nikajibana kwenye kile kiti ambacho alikikalia miaka kumi na minane, nikatafuta mahali pa kuweka macho yangu.

Mwishowe akarudisha gia katikati. Alikuwa anahema kidogo.

"Tumefika wapi?" akaniuliza.

Ningeweza kumwambia tumefika juu. Ningemwelezea bonde lote, bati za mji, ule mnara wa simu, na angetabasamu. Neno la huruma kabisa, na lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Tupo getini kwako, dada," nikasema. "Hatujaondoka."

Akatikisa kichwa kukubali, taratibu, mara mbili. Kisha akafungua mlango, akateremka, akaanza kulizunguka gari kwa mkono kuja upande wangu.

"Sogea basi," akasema. "Tutachelewa."